Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kisumu hadi Mjini: Namna ya Kuchagua Usafiri

Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Kisumu uko karibu sana na mji, na mgeni anayeshuka hapo kwa mara ya kwanza hudhani hana la kupanga. Kutoka jengo la abiria hadi Mtaa wa Oginga Odinga, ulio katikati ya mji, ni kilomita kama nne au tano, na barabara ikiwa wazi gari huzimaliza kwa robo saa au pungufu. Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Kwa kuwa wanaiona safari kuwa fupi, hawaulizi chochote kabla ya kuingia garini, na baadaye hujikuta wamelipa nauli ya safari ndefu, au wamepelekwa mahali ambapo inawabidi walipe nauli ya pili ili warudi upande ule ule walikotoka.

Mwongozo huu unamlenga msafiri anayefika Kisumu kwa ndege kutoka Nairobi au Mombasa, awe ni mgeni kabisa, au ni mwenyeji aliyezoea kupokewa na ndugu na ambaye leo hana wa kumpokea. Hatua zinafuata mwendo wa safari yenyewe, na tatu za mwanzo zafaa zikamilike kabla hujapanda ndege.

Hatua ya kwanza: Jua unakoshukia hasa, kisha ndipo uulizie nauli

Wasafiri wengi huanza na swali la bei, ilhali swali linalostahili kutangulia ni kama wana haja ya kuingia mjini hata kidogo. Uwanja uko upande wa kaskazini-magharibi wa mji, kati ya Barabara ya Busia na ziwa. Ukitoka langoni na kuifikia barabara hiyo, mkono wa kulia unakupeleka mjini, na mkono wa kushoto unakupeleka Otonglo, Kisian, Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na hatimaye Busia mpakani. Pale Kisian barabara nyingine huchepuka kwenda Bondo. Kwa hiyo mtu anayekwenda Chuo Kikuu cha Maseno, Siaya au Bondo, au anayewahi feri ya Luanda Kotieno ili avuke kwenda Mbita, anaupa mji kisogo tangu anapotoka langoni, na kila shilingi anayoitumia kuingia mjini ataitumia tena kutoka.

Jambo hili nililijifunza kwa gharama ya shangazi yangu. Alikuja kutoka Mombasa akiwa na mifuko miwili mizito, akielekea Maseno, nami nikamwagiza kwa simu apande teksi hadi steji ya mjini, kwa sababu mimi mwenyewe nimezoea kuanzia safari zangu zote steji. Alilipa teksi, akamlipa kijana wa kumbebea mifuko, akaketi ndani ya matatu karibu saa nzima ikisubiri kujaa, kisha ikaondoka na kupita mbele ya lango lile lile alilotokea asubuhi. Alinipigia simu akiwa hapo hapo langoni, wala hakuhitaji kupaza sauti ili nielewe.

Hata hivyo, kanuni hiyo ina upande wake wa pili, na ni haki kuutaja. Matatu zinazotoka mjini kwenda Luanda au Bondo hupita mbele ya uwanja zikiwa zimejaa, hasa Ijumaa, siku ambayo watu wengi husafiri kwenda mazishi yanayofanyika mwisho wa juma. Ukiwa na begi la mgongoni tu, simama barabarani, kwa maana kiti kimoja hakikosekani kwa muda mrefu. Ukiwa na masanduku mawili na mtoto, pima kama si afadhali kwenda steji ukapate kiti na nafasi ya mizigo, au kukodi teksi moja kwa moja hadi unakokwenda. Kutoka uwanjani hadi Maseno, pale mstari wa ikweta unapoikata barabara, si mwendo mrefu, na nauli ya teksi ikigawanywa kwa watu watatu huweza kupungua kiasi cha kukubalika.

Kwa wanaoelekea upande wa kaskazini au mashariki, hesabu ni tofauti. Anayekwenda Kakamega au Vihiga anahitaji kufika Barabara ya Kakamega, ambayo hupita Kondele, Mamboleo na Kiboswa. Badala ya kushuka katikati ya mji, anaweza kumwomba dereva ampeleke Kondele, ambako matatu za kuelekea kaskazini hupita kwa wingi. Anayekwenda Ahero, Kericho au Kisii atapita Nyamasaria, upande wa pili kabisa wa mji, na huyo ndiye mwenye sababu nzuri ya kuanzia steji kuu, kwa kuwa gari la kupanda njiani huenda likamtaka asimame au ajibane.

Na ikiwa kweli unakwenda mjini, tafuta jina la mahali kwa namna wenyeji wanavyolitaja. Watu wa Kisumu huelekezana kwa alama zaidi ya majina ya barabara: soko la Kibuye, mzunguko wa Kisumu Boys, jengo la Mega Plaza, jumba la makumbusho. Mfano ulio muhimu kuliko yote ni wa hospitali. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyo kwenye Barabara ya Kakamega, wenyeji bado huiita Russia, kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Hiyo si hospitali ya kaunti iliyo katikati ya mji. Mtu anayekwenda kumwona mgonjwa akimwambia dereva "hospitali kubwa ya serikali", anaweza kupelekwa moja ilhali mgonjwa wake amelazwa nyingine. Mpigie aliye na mgonjwa, umwulize jina, umwulize pia wodi.

Hatua ya pili: Jipime mzigo, idadi yenu na saa ya kufika

Mambo haya matatu ndiyo yanayoamua chombo cha kupanda, na kwa safari fupi kama hii yana uzito kuliko nauli yenyewe. Mtu mmoja mwenye begi moja, anayefika mchana, ana uhuru wa kuchagua chombo chochote. Watu watatu wenye masanduku hawana cha kuchagua zaidi ya teksi, hata kama wao wenyewe bado wanajidanganya kwamba watabanana kwenye tuktuk.

Saa ya kufika inahitaji maelezo zaidi. Kisumu iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Ndege inayotua saa kumi na mbili jioni inakuacha na mwanga mdogo sana baada ya kungoja mizigo. Kwa anayefika giza limeingia, ushauri wangu hauna masharti: panda teksi, au upokewe na mtu unayemfahamu. Kutembea na sanduku kando ya Barabara ya Busia usiku ili kutafuta matatu ni kuokoa shilingi chache kwa kuhatarisha vingi, na hatari ya kwanza hapo ni magari yaendayo kasi kabla hata ya wezi.

Mvua nayo ina tabia yake. Katika ukanda huu wa ziwa mvua ya radi hupenda kunyesha alasiri na jioni, na katika msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, anga linaweza kuwa jeupe saa nane na kufikia saa kumi maji yakawa yanatiririka barabarani. Aliyepanga kupanda bodaboda awe na mpango wa pili, na vitu vya umeme pamoja na vyeti avifunge ndani ya mfuko wa plastiki.

Msongamano wa magari si tatizo kubwa kama la Nairobi, ingawa asubuhi watu wanapokwenda kazini na jioni wanaporudi, mwendo wa dakika kumi unaweza kuwa wa nusu saa. Hilo halikuhusu sana ukiwa unakuja mjini, ila linakuhusu mno utakapokuwa unarudi kuwahi ndege.

Hatua ya tatu: Tayarisha pesa na simu

Beba noti ndogo. Kondakta wa matatu aliyepewa noti ya shilingi elfu moja kwa safari ya kilomita nne atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Noti za hamsini, mia moja na mia mbili zinatosha kwa njia zote zilizotajwa hapa, isipokuwa teksi. Karibu kila dereva hupokea M-Pesa, lakini usitume pesa hadi uone jina linalojitokeza kwenye simu yako na umsomee dereva akubali kuwa ni lake au la mwenye gari. Simu iwe na chaji na intaneti kabla hujaondoka Nairobi, kwa kuwa bila hivyo programu ya kuitia gari haikusaidii kitu.

Hatua ya nne: Toka ndani ya jengo bila haraka

Jengo la abiria si kubwa na hakuna pa kupotelea. Mizigo hufika upesi, na ukitoka nje utakutana na madereva wa teksi wakikuuliza unakwenda wapi, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kijaluo: "Idhi kanye?" Wajibu kwa heshima, kisha pita mbele kidogo, weka begi chini na upumue. Hakuna anayekufukuza. Msafiri anayekubali gari la kwanza huku akitembea huwa ameshapoteza nafasi ya kupatana, na mara nyingi hata hajaliona gari lenyewe.

Mtu asikupokonye sanduku kwa kisingizio cha kukusaidia. Ukitaka msaada, uombe wewe, na mpatane ujira kabla sanduku halijainuliwa. Ukiwa na mwenyeji anayekuja kukupokea, mwelekezane mlango hasa mtakapokutania, si "pale nje" tu.

Hatua ya tano: Chagua chombo

Teksi ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo ghali kuliko zote. Nauli yake hadi mjini huhesabiwa kwa mamia ya shilingi, na hupanda kwa urahisi usiku au dereva anapotambua kwamba hujui umbali. Uzuri wake ni kwamba inakuchukua mlangoni na kukushusha mlangoni, na mizigo yako inakuwa ndani ya buti iliyofungwa. Mzee, mjamzito, mgonjwa na mwenye watoto wadogo wasipande kitu kingine. Watu wawili au watatu mliosafiri pamoja, au hata mliofahamiana ndani ya ndege, mkigawana nauli mtakuta teksi haina tofauti kubwa na bodaboda tatu.

Teksi za kuitia kwa programu ya simu, Bolt ikiwa mojawapo, zinapatikana Kisumu. Faida yake ni kwamba bei inaonekana kabla ya safari, nambari ya gari inaonekana, na unaweza kumtumia ndugu yako njia unayopita. Huenda dereva akakuomba mkutane nje kidogo ya maegesho. Kubali ikiwa ni mchana na mzigo ni mwepesi, na ukatae ikiwa ni usiku. Akikuomba ufute safari kwenye programu ili umlipe mkononi bei ile ile, kataa pia, kwa sababu tangu dakika hiyo umepanda gari lisilo na kumbukumbu popote. Hata kama hutakusudia kupanda gari la programu, ifungue ili uone bei ya wakati huo, kwa maana itakusaidia katika hatua ya sita.

Tuktuk ni chombo ambacho wageni hukidharau na wenyeji hukipenda. Huchukua abiria watatu nyuma bila kubanana sana, hukinga jua, na hukinga mvua kiasi. Zile zinazofanya kazi mjini huenda kwa namna mbili: nyingine hubeba abiria tofauti tofauti kwa njia maalumu, kila mmoja akilipa kiti chake, na nyingine hukodiwa nzima nzima. Bila kutaja mapema ni ipi, utajikuta unadhani umekodi kumbe dereva anaendelea kuokota abiria, au unadhani unalipa kiti kimoja kumbe unadaiwa nauli ya vitatu. Kasoro yake kubwa ni mizigo, kwa kuwa sanduku kubwa hukaa miguuni mwako na sehemu yake ikachungulia nje, na katika barabara yenye malori ya kwenda Uganda hilo si jambo la kufurahisha.

Bodaboda ndiyo ya haraka kuliko vyote kwa mtu mmoja. Jina lenyewe lina asili katika ukanda huu: lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda pale Busia, na kwa miaka mingi Kisumu nayo ilitegemea baiskeli hizo, mpaka pikipiki ndogo zilipoondolewa kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2008 na kuenea kila mahali. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, na inamtaka avae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Ikiwa dereva hana helmeti ya pili, mwache aende zake, maana wapo wengine. Sijali kwamba safari ni ya dakika kumi. Ajali haiulizi urefu wa safari. Begi la mgongoni lisizidi uwezo wako wa kuketi wima, na sanduku la magurudumu lisibebwe kabisa kwenye tangi mbele ya dereva, hata kama yeye mwenyewe anakuhakikishia kwamba amewahi kubeba friji.

Matatu ndiyo ya bei ya chini kabisa, nauli yake ikihesabiwa kwa makumi ya shilingi tu. Haingii uwanjani, kwa hiyo inakubidi utembee kutoka jengo la abiria hadi barabara kuu. Hapo kuna jambo dogo linalowachanganya wageni. Kenya magari hupita mkono wa kushoto, na uwanja uko upande wa ziwa. Kwa sababu hiyo matatu zinazokwenda mjini husimama upande wa pili wa barabara, nawe unalazimika kuvuka. Zinazosimama upande uliotokea ni zile za Kisian, Maseno na Bondo. Nimewaona watu wakiwa wamesimama kwa muda mrefu upande usio wao, wakipungia magari yanayowapeleka mbali na mji, na kila kondakta akiwapa ishara ambayo hawaielewi.

Panda matatu iliyo na mstari wa njano ubavuni na mikanda ya usalama, kama zinavyotaka kanuni za mwaka 2004 ambazo Wakenya bado huziita kanuni za Michuki, kwa jina la aliyekuwa waziri wa uchukuzi, John Michuki. Ile ya viti kumi na vinne ibebe watu kumi na wanne. Kwenye barabara hii utaona pia magari madogo aina ya Probox yakibeba abiria kwa kuwapanga hadi kwenye buti. Ni ya haraka na hayangoji, lakini mimi sipandi, wala sitamshauri mtu mwingine apande.

Kwa maoni yangu, basi, mtu mmoja mwenye mzigo mwepesi anayefika mchana atafute tuktuk ikipatikana, au matatu ikiwa hana haraka. Bodaboda aipande aliyezoea kuipanda, si anayeijaribu kwa mara ya kwanza akiwa amevaa suti ya mahojiano ya kazi. Waliobaki wote wachukue teksi, na wasijilaumu kwa kuichukua.

Hatua ya sita: Patana bei kwa ukamilifu

Kupatana si ugomvi, wala si aibu. Ni mazungumzo mafupi ambayo yanapaswa kugusa mambo manne: mahali, idadi ya watu, mizigo, na kama bei ni ya chombo kizima. Mfano wa kuanzia ni huu: "Habari yako, kaka. Tunakwenda Kibuye, karibu na soko. Tuko wawili na masanduku matatu. Gari zima ni pesa ngapi hadi mlangoni, pamoja na ada ya maegesho?" Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Gari linaloingia uwanjani hulipia maegesho, na usipouliza, ada hiyo inaweza kukurukia mwishoni kama nyongeza.

Dereva akitaja bei, mtajie ile uliyoiona kwenye programu au uliyoambiwa na mwenyeji wako, bila kumwita mwizi. Dereva wa uwanjani husubiri ndege chache kwa siku na hukaa foleni, kwa hiyo si ajabu bei yake ikizidi kidogo ya gari la mjini. Tofauti ndogo mwachie, na tofauti ya mara mbili ikatae kwa upole, ukamwulize wa pili. Mwanamume mtu mzima mwite mzee, mwanamke mwite mama, rika lako mwite kaka au dada. Ukiweza kumalizia na "erokamano", yaani asante kwa Kijaluo, bei haitashuka sana, lakini utaulizwa kwenu ni wapi, na kuanzia hapo mtazungumza kama watu.

Kabla hujaketi, piga picha nambari ya usajili au uiandike, kisha umtumie mtu. Nambari za pikipiki huanza kwa herufi KM na za tuktuk kwa KTW, kwa hiyo ni rahisi kutambua iwapo chombo kina nambari isiyolingana nacho. Fanya hivyo waziwazi, mbele ya dereva. Dereva mwaminifu hachukii.

Hatua ya saba: Ukiwa njiani na unapofika

Funga mkanda, weka simu mbali na dirisha lililo wazi, na fuata njia kwenye ramani hata kama dereva anaonekana kujua. Dereva akichukua barabara ya mchepuko inayopita Kondele badala ya kuingia mjini moja kwa moja, huenda anakwepa msongamano. Mwulize tu sababu, kwa sauti ya kawaida.

Mliokuja kwa matatu mmuulize kondakta mapema anashushia wapi, kwa kuwa steji za mjini zimewahi kuhamishwa kwa ajili ya ujenzi, na maelezo uliyopewa na ndugu aliyekuja miaka kadhaa iliyopita huenda hayafai tena. Ukishuka steji, usisimame katikati ya watu ukifungua mkoba. Ingia dukani, nunua maji, panga mambo yako hapo. Kutoka steji kwenda Milimani, Nyalenda au ufuoni Dunga, tuktuk na bodaboda zipo wakati wote wa mchana, na bei zake ni za kawaida kuliko zile za uwanjani, kwa kuwa hapo hakuna anayekuona kama mtu aliyeshuka kwenye ndege.

Ukimlipa dereva wa teksi aliyekuhudumia vizuri, mwombe nambari yake ya simu kwa ajili ya safari ya kurudi, na mpatane bei ya kurudi siku hiyo hiyo, wakati wote wawili mnakumbuka mlichokubaliana. Ukichagua kurudi uwanjani kwa matatu, panda ya Kisian, Luanda, Maseno au Bondo, na mwambie kondakta "eapoti" mapema kabla gari halijaondoka, ili asikuweke nyuma kabisa. Safari hiyo ya kurudi hutahitaji kuvuka barabara, kwa maana utashushwa upande ule ule wa lango. Acha tu muda wa kutosha wa kutembea hadi ndani ya jengo ukiwa na mzigo wako, na ikiwa ndege yako ni ya jioni, toka mjini kabla wafanyakazi hawajaanza kurudi nyumbani.